Diklofenaki haiokoi vidole

Ndugu mwandishi, unadai dawa za kibayolojia za baridi yabisi “zinaua kinga yote ya mwili”, hivyo mgonjwa abaki na diklofenaki yake. Diklofenaki hupoza maumivu na uvimbe tu. Kiungo kinaendelea kuliwa. Na vidole vikishapinda, vimepinda.

Kinga haiuawi yote. Infliximab, mojawapo ya dawa hizo, ambayo Ravinder Maini na Marc Feldmann waliijaribu kwa wagonjwa London mwaka 1992, hukamata TNF, protini moja inayochochea uvimbe. Hatari ipo, tena kwetu ni kubwa: TNF hiyohiyo husaidia kukifungia kifua kikuu kilicholala. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya sindano ya kwanza. Hilo hukuligusa, nalo ndilo lenye uzito.

Kuhusu bei ya dawa hizo nakuunga mkono, nusu. Katikati ya diklofenaki na sindano hizo kuna methotreksati, dawa nafuu inayomezwa mara moja kwa wiki (si kila siku, jamani!). Isipotosha peke yake, huongezewa salfasalazini na haidroksiklorokwini. Jaribio la RACAT la mwaka 2013 lilionyesha mchanganyiko huo haukuachwa nyuma na etanercept, sindano nyingine ya kibayolojia, ikiunganishwa na methotreksati. Wagonjwa wakianzishiwa tiba hiyo mapema, wengi hawatahitaji sindano unayoiogopa.