Njia Tatu Zatosha

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Sisi tulitandaza njia saba, na zikatushinda vile vile. Nataka kueleza katika ukurasa huu jinsi jambo hilo lilivyotokea, kisha nitoe shauri langu, maana muhula ujao tutaandaa tena mbio za ramani na dira, na yafaa tukubaliane mapema ni njia ngapi tutakazowawekea wakimbiaji.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa maneno machache. Mkimbiaji hupewa ramani na dira. Juu ya ramani huchorwa pembetatu mahali pa kuanzia, viduara vyenye nambari mahali penye vituo, na viduara viwili, kimoja ndani ya kingine, mahali pa kumalizia. Penye kila kituo hutundikwa kibendera cha rangi nyeupe na ya chungwa. Mkimbiaji huvitafuta vituo kwa utaratibu wake, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mwisho. Lakini njia ya kupita kati ya kituo na kituo huichagua mwenyewe. Wakimbiaji hawaanzi wote pamoja, bali mmoja mmoja kwa kupishana dakika kadhaa, ili asiwepo mtu wa kumfuata mwenziwe kama mkia. Mchezo huu ulianzia nchi za Skandinavia. Mashindano ya kwanza ya watu wote yalifanywa Norway mwaka 1897, na chama chake cha dunia kiliundwa mwaka 1961. Sisi tuliupata kwa skauti, ambao tangu zamani hufundishwa kusoma ramani.

Naupenda mchezo huu hasa kwa sababu unafaa mahali petu. Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakimbizi wa kwanza kupokelewa pale kwa wingi walitoka Rwanda. Leo wanakaa humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine wengi, katika sehemu tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Mtu akitoa maagizo kwa lugha moja, wengi hawamfahamu. Lakini ramani haina kabila. Mstari wa buluu ni mto kwa Msomali na ni mto kwa Mkongo. Na mistari ya hudhurungi iliyosongamana ni mlima mkali kwa kila mwenye miguu.

Basi, siku ile wanafunzi wa Mbarara walikuja kwa lori, na wa makazini walikuja kwa miguu. Jumla yao walikuwa 41. Mmoja wetu alikuwa amesoma kwamba Wamarekani katika mashindano yao ya kawaida huweka njia saba, kila moja na rangi yake, toka nyeupe iliyo rahisi mpaka buluu iliyo ndefu na ngumu. Tuliona haya kuwa na chini ya hizo. Tukaweka saba.

Sasa fanya hesabu pamoja nami, msomaji. Watu 41 katika njia saba: hata sita hawatimii kwa kila njia. Na kwa kuwa wavulana na wasichana tuliwapanga mbali mbali katika matokeo, tulipata mafungu 14, na hata watatu hawatimii kwa kila fungu. Njia ya sita ilikuwa na mtu mmoja tu. Alishinda, na akawa wa mwisho pia. Tulipomwita kupokea cheti chake watu walicheka, naye alikikunja akakitia mfukoni upesi kama mtu anayeficha barua ya deni.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuwa la kuchekesha. Njia ile fupi kuliko zote tuliiandika ubaoni kwa jina la "njia ya watoto". Alikuwapo kijana mmoja wa miaka kama 14, aliyefika makazini kutoka Kivu miezi michache iliyopita, wala hakuwahi kushika dira maishani mwake. Tulimshauri aanze na ile fupi. Aliutazama ubao, akasema, "Yaya, mimi sikuvuka ile milima nije kukimbia na watoto." Akajiandikisha katika njia ya saba, iliyo ndefu kuliko zote.

Saa kumi jioni wote walikuwa wamerudi, isipokuwa yeye. Sisi wasaidizi tulikuwa tisa, na vituo vilivyotawanywa vilikuwa 34. Sita kati yetu walikuwa wamekwenda kukusanya bendera, kila mtu kilima chake, na wala hapakuwa na wa kuwaita. Tukabaki watatu wa kumtafuta mtoto wa watu katika vichaka vya migunga, na upande wa chini yako mafunjo ya ziwa. Sitaki kusema tulikuwa na hofu kiasi gani. Tulimpata magharibi inapoingia, amekaa juu ya jiwe, shati limechanika kwa miiba, ramani bado mkononi. Akasema, "Yaya, mimi sikupotea. Ni ile karatasi ndiyo ilipotea." Tulicheka kwa kuwa tulikuwa tumempata, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mama yake amekwisha kupoteza vya kutosha. Hakutupa mwanawe ili sisi tumpoteze kwa mchezo.

Tangu siku hiyo shuleni kuna vyama viwili. Wa kwanza wanasema tuweke njia moja tu, kama mbio za nyika za zamani, wote wapite humo, na aliye na nguvu aonekane. Wa pili wanasema saba ziendelee, ila wasaidizi waongezwe. Mimi sikubaliani na wote wawili.

Nianze na wenye njia moja. Ukiweka njia moja iliyo ngumu, mgeni atahangaika saa mbili, atarudi na vituo vitatu, na hatakuja tena. Ukiweka iliyo rahisi, aliyezoea ataimaliza kama anayekwenda kisimani, na yeye pia hatakuja tena. Mchezo wa ramani si kama mbio za uwanjani. Katika mbio za uwanjani anayechelewa huonekana na kushangiliwa. Katika mchezo wetu anayechelewa yuko peke yake nyuma ya kilima, wala hakuna wa kumwambia neno. Kwa hiyo njia moja ni ukatili kwa wanaoanza.

Na wenye njia saba nao wafikiri. Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Wakuu wa riadha duniani walipita hapo hapo. Mwaka 1998, katika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika, waliongeza mbio fupi za kilomita 4 kwa wanaume na kwa wanawake, mbali na zile ndefu za desturi. Mashindano yakawa ya siku mbili. Lakini tazama yaliyotokea: Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishinda mbio fupi na ndefu pia, miaka mitano mfululizo, toka 2002 hadi 2006. Ikiwa mtu yule yule ndiye anayeshinda huku na huku, basi hizo si mbio mbili, ni mbio moja iliyokatwa vipande. Baada ya mwaka 2006 mbio fupi ziliondolewa. Mwaka 2007, pale Mombasa, watu walikimbia tena siku moja. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, na Moses Kipsiro wetu wa Uganda akawa wa pili. Naamini kuwa wa pili katika mbio ambazo wote wamo ni heshima kubwa kuliko kuwa wa kwanza wa mtu mmoja.

Tena mashindano hayo yalipoletwa Kampala mwaka 2017, kule Kololo, wanawake wakubwa walikimbia kilomita 10 sawasawa na wanaume, ambapo hapo nyuma walikuwa wakipewa 8. Nataja hilo kwa sababu baadhi ya wenzetu wamependekeza iwepo njia fupi ya wasichana. Siafiki. Msichana anayeteka maji na kupanda kilima na mtungi kila siku hana haja ya kufupishiwa njia. Haja yake ni kupangwa katika matokeo pamoja na wasichana wenziwe. Njia iwe moja, orodha ziwe mbili.

Shauri langu ni njia tatu, nazo ziwe hivi. Ya kwanza iwe ya kilomita 2 hivi, vituo vyake viwe kando ya vijia na mahali panapoonekana, kama penye njia panda, daraja au jiwe kubwa. Ya pili iwe ya kilomita 4, nayo ivuke vichaka na kumlazimu mtu kutumia dira. Ya tatu iwe ya kilomita 6 au 7, yenye vilima na uchaguzi mgumu wa njia. Tofauti yao isiwe urefu tu, bali iwe ugumu. Hapo ndipo tulipokosea zaidi: njia zetu saba zilikuwa na urefu saba, lakini ugumu wake ulikuwa mmoja au miwili tu. Mtu alitoka ya tatu akaingia ya nne asijifunze jambo lolote jipya ila kuchoka.

Tena urefu wa kwenye ramani hudanganya. Katika mchezo huu njia hupimwa kwa mstari ulionyooka toka kituo hata kituo, lakini hakuna anayeweza kunyooka katikati ya mafunjo. Kilomita 4 za Kamukuzi au Ruharo mjini Mbarara, ambako kuna barabara na nyasi zilizokatwa, si kilomita 4 za kando ya Ziwa Nakivale. Wenye mchezo wenyewe wanajua hivyo, ndiyo maana katika mashindano ya dunia hupanga njia kwa dakika za mshindi: mbio za kati mshindi atarajiwe kumaliza kwa dakika 30 hadi 35, na ndefu za wanaume kwa dakika 90 hadi 100. Sisi nasi tupange hivyo. Ya kwanza mshindi aimalize kwa dakika 20, ya pili kwa 40, ya tatu kwa saa moja. Kisha mmoja wetu azikimbie zote kabla ya siku yenyewe, tujue kama tumepima au tumebahatisha.

Kwa njia tatu, vituo 16 vyatosha, maana kituo kimoja chaweza kutumiwa na njia mbili. Ramani za kuchora ni za aina tatu, si saba. Wasaidizi tisa wataweza kugawanyika: wanne vituoni, wawili mwanzo, wawili mwisho, na mmoja asiye na kazi yoyote. Huyo asiye na kazi ndiye wa maana kuliko wote, kwa kuwa ndiye atakayekwenda kutafuta.

Na majina. Njia zisiitwe za watoto, za wasichana, wala za wakubwa. Ziitwe kwa rangi: nyeupe, njano na nyekundu. Hakuna anayeona haya kusema amekimbia nyeupe. Kisha iwe sheria kwamba kila mtu, awe na miaka 10 au 20, awe wa Mbarara au wa Juru, mara ya kwanza aanze na nyeupe. Akiimaliza mapema na bado ana nguvu, aruhusiwe kuingia njano siku ile ile. Hivyo kijana wetu wa Kivu asingekuwa na jambo la kumwonea haya, kwa sababu hata kiranja mkuu angepita humo humo.

Najua watasema kwamba njia zikiwa tatu, wengine watajiona wamebanwa. Watu wakizidi 100, nami nitakuwa wa kwanza kushauri ya nne. Lakini idadi ya njia na ifuate idadi ya watu wanaokuja na idadi ya macho ya kuwatazama, isifuate mambo ya wageni walio na misitu yao na magari yao. Kata vazi kwa kadiri ya kitambaa.

Yule kijana ameniuliza mara mbili mbio nyingine zitakuwa lini. Nimemwambia ni muhula ujao, na kwamba ataanza na nyeupe. Aliuliza, "Na wewe, Yaya?" Nikamjibu kwamba nami nitaanza na nyeupe. Akafikiri kidogo, kisha akakubali. Naomba wenzangu wa kamati wasinifanye mwongo.