Esansi Inapanda: Tufanye Nini?

Ndugu wa Kasongo na Kabambare,

Esansi ikipanda bei, chumvi na sabuni hufuata. Kwa nini? Inchi yetu huchimba petroli kule Muanda, lakini huiuza mbichi. Esansi yenyewe twainunua ngambo kwa dola. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ilipanda dunia nzima. Nayo ya mashariki hushushwa Mombasa ao Dar es Salaam, kisha tope na vizuizi vya barabarani huiongezea bei.

Tusimpige kadhafi anayeuza kwa chupa. Naye amenunua ghali. Tudai karatasi kwa kila franka inayolipwa kizuizini. Tutengeneze barabara kwa salongo, tununue mapipa kwa shirika. Anayelia peke yake hasikiwi, tuseme pamoja.