RUTA YA MASIKIO SITA, NYUMBA HAINA MTANDAO: MBWEMBWE ZA MJINI ZINAVYOWAUMIZA WAZEE WA MITOLE

Haya wadau, leo hamna habari ya nani kamwacha nani. Leo ni zamu ya kile kisanduku chenye taa zinazokonyeza, ambacho siku hizi kimekuwa pambo la sebuleni kuliko hata maua ya plastiki. Ruta! Kitu cha kurahisisha maisha kimegeuzwa kuwa cha kupigia picha, na wanaoumia si wapiga picha. Wanaoumia ni wazee na wadogo zao waliobaki kijijini.

Kuna kaka mmoja, jina kapuni, mzaliwa wa Mitole kule Kilwa. Mjini anajulikana kwa mashati ya kubana na status zisizokauka. Idi moja hivi akashuka Nangurukuru na boksi chini ya kwapa, akadaka bodaboda mpaka kwao. Ndani ya boksi mlikuwa na ruta ya antena sita, imetanua miguu kama buibui aliyelala chali. Mzee akashikishwa, picha ikapigwa, maneno yakawekwa: "Nimemfungia mzee 5G." Basi, pongezi zikamiminika. "Kaka umetisha!" "Wewe ndo mtoto sasa!"

Kesho yake mzee akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hii laini inaingia wapi?"

Hapakuwa na pa kuingizia laini. Kaka wa watu kanunua ruta ya kuchomekewa waya wa intaneti kwa nyuma, ile inayofaa nyumba ambayo faiba imefika mlangoni. Pale kwa mzee waya pekee unaoingia ndani ni wa umeme, na mwingine wa dishi la king'amuzi. Ruta ikawaka taa zote, waifai ikaonekana kwenye simu, watoto wakajiunga kwa shangwe, na hakuna kilichofunguka. Kaka akarudi mjini. Ruta ikahamia juu ya shokesi, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Mpaka leo iko hapo, safi kabisa, kama kombe la mashindano.

Na ile "5G" aliyoringia? Ilikuwa imeandikwa kwenye boksi kweli. Ila maana yake ilikuwa GHz 5, yaani masafa ya waifai ndani ya nyumba. Haikuwa ile 5G ya minara. Ni vitu viwili tofauti kama pweza na pwezi. Wauzaji wanajua, wanunuzi wengi hawajui, na hapo ndo watu wanapoliwa mchana kweupe.

Wapo watakaosema, jamani mwacheni, nia yake ilikuwa njema. Sawa. Lakini nia njema haijazi fomu. Katika nyumba hiyohiyo kuna binti aliyemaliza kidato cha sita, na maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, yanafanyika mtandaoni. Dirisha lina siku ya kufungwa, na halimsubiri mtu. Wakati ruta ya kaka yake imevikwa kitambaa, binti alikuwa anasimama chini ya mkorosho kutafuta vistari viwili vya mtandao, akakata tamaa, akapanda bodaboda kwenda steshenari. Akalipa nauli, akalipa ya kujaziwa fomu, na akamtajia mtu asiyemjua nywila ya akaunti yake. Hela ya antena sita ingeweza kumwepusha na yote hayo. Kwa hiyo hapa hamna wivu wala majungu. Hapa ni elimu ya mtoto wa mtu.

RUTA HAIZAI INTANETI

Hili liandikwe kwa herufi kubwa: ruta inagawa, haizai. Ni kama kata ya kuchotea maji. Kisima kikikauka, hata ukinunua kata ya dhahabu utaambulia tope. Kama mnara ulio karibu na kwenu hautoi 4G, ruta ya 4G haitaibadili hewa. Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanyika kabla ya kugusa hela. Jua ni mtandao gani unafika nyumbani kwenu, tena kwa nguvu.

Na hilo halihitaji fundi. Azima simu za ndugu na majirani zenye laini tofauti, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, yoyote inayopatikana. Kaeni sehemu ileile ya nyumba, pimeni asubuhi, kisha pimeni tena saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Tovuti ya fast.com inatosha, unafungua inakuonyesha Mbps ngapi zinaingia. Laini inayoshinda usiku ndo ya kuwekwa kwenye ruta. Usichague kwa sababu shemeji anauza vocha za mtandao huo, wala kwa sababu tangazo lake lina msanii unayempenda.

NAMBA ZA KWENYE BOKSI NI ZA KUKUCHANGANYA

Boksi limeandikwa 1200 Mbps, mtu macho yanamtoka. Hebu itazameni hiyo namba inavyopikwa. Ruta za aina hiyo zina masafa mawili: GHz 2.4 yenye uwezo wa juu wa Mbps 300, na GHz 5 yenye Mbps 867. Wakajumlisha, wakapandisha kidogo, ikawa 1200. Simu yako kwa kawaida inashika masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Tena hiyo ni kasi ya kati ya simu na ruta, si ya kati ya ruta na dunia. Kama mnara unakupa Mbps 10, utapata 10, hata boksi liandikwe milioni.

Halafu masafa yenyewe yana tabia zake. GHz 5 ina kasi lakini ikikutana na ukuta inachoka mapema. GHz 2.4 ni polepole kidogo ila inapenya na kufika mbali. Kwa nyumba zetu za pwani hili ni jambo kubwa. Ukuta mnene wa mawe unaila waifai, na bati ndo kabisa, linairudisha ilikotoka. Mzee anayekaa kibarazani jioni anahitaji GHz 2.4. Kijana aliye sebuleni na kompyuta atumie GHz 5. Ruta nzuri ina zote mbili. Antena sita kwa nyumba ya vyumba vitatu ni za kutishia majirani.

Cha kutazama dukani ni hivi. Kwanza, iwe na mahali pa kuingizia laini. Pili, iwe wazi kwa mitandao yote, isiwe imefungiwa mtandao mmoja, maana ukihamia laini nyingine utabaki na tofali. Mpe muuzaji laini mbili tofauti ajaribu mbele yako. Tatu, iwe na matundu ya antena ya nje kwa nyuma, kwa sababu mbali na mnara antena ya nje inaweza kuokoa jahazi. Nne, soma adapta. Ruta nyingi za mezani zinatumia volti 12, hivyo umeme ukikatika inawezekana kuiendesha kwa betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa mtu wa Mitole hilo tundu la volti 12 lina thamani kuliko masikio sita.

GESTI YA DADA NA NYWILA YA MOJA MPAKA NANE

Asije mtu akadhani ni kaka peke yake. Kuna dada mmoja mjasiriamali, naye jina kapuni, ana gesti ukanda huohuo wa Kilwa. Bango lake limeandikwa "WiFi Bure" kubwa kuliko jina la gesti yenyewe. Wageni wanakuja kuangalia magofu ya Kilwa Kisiwani, yale yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, wanataka kutuma picha kwao. Mtambo wenyewe ni karuta kamoja ka mfukoni, kamewekwa kwenye droo ya mapokezi, kanahudumia vyumba kumi. Nywila ni 12345678. Bodaboda wote wa kijiweni wanaijua. Jioni wamejipanga nje ya ukuta wanashusha muvi, mgeni aliyelipa chumba anazungukiwa na kile kiduara mpaka analala. Akilalamika, dada anajibu, "Mtandao leo unasumbua nchi nzima."

Nchi nzima! Mtandao ukisumbua nchi nzima huwa inajulikana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania yote ilihisi, na majirani pia. Hapo lawama ilikuwa na mahali pa kwenda. Lakini kila Jumanne kusingizia bahari wakati ruta iko kwenye droo, hiyo ni dharau kwa mteja.

Na hiyo nywila si mchezo. Laini iliyomo kwenye ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mmoja. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015. Mpita njia akitumia waifai yako kumtapeli mtu au kusambaza uchafu, njia inayofuatwa inaanzia kwenye laini yako. Wewe ndo utaanza kuulizwa, wakati yeye keshavuka zamani.

KUFUNGA RUTA SI UGANGA

Mafundi wengine wanalipisha watu hela ya kuku mzima kwa kazi ya dakika kumi. Ruta inageuzwa tumbo juu. Chini pana karatasi yenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Unajiunga na waifai yake, unaiandika hiyo anwani kwenye kivinjari cha simu, unaingia. Zinabadilishwa nywila mbili, maana watu wengi hubadili moja tu. Moja ni ya waifai, nyingine ni ya kuingilia kwenye mipangilio yenyewe. Ukiiacha ya pili ikabaki "admin", mtoto wa jirani akijiunga anaweza kukufungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Ulinzi uwekwe WPA2 au WPA3. WPS izimwe. Kama kuna waifai ya wageni, iwashwe, wageni wakae huko na nywila yao. Masasisho ya programu yakiwepo, yapakuliwe.

Kisha mahali pa kuiweka, na hapa ndo nyumba nyingi zinapojiroga. Ruta inawekwa nyuma ya TV, ndani ya kabati, kando ya friji, juu yake kitambaa. Inapata joto, inazibwa, halafu inatukanwa. Itolewe! Ipandishwe juu, usawa wa dirisha linalotazama mnara, isiegemee bati. Kwenye mipangilio kuna namba inayoitwa RSRP, ni namba ya hasi. Ikisoma karibu na -80 uko vizuri, ikizama kuelekea -110 au zaidi uko pabaya. Tembea nayo dirisha kwa dirisha, ipe dakika mbili kila sehemu, baki pale namba inapopanda. Mkorosho mnene ulio kati ya dirisha na mnara unaweza kukunyima, hasa majani yakiwa yamelowa masika. Jaribu upande mwingine kabla ya kumlaani mtu. Na radi zikianza, chomoa.

Kuna mama mmoja wa hukohuko, mfanyabiashara wa ufuta, hana status wala mashati ya kubana. Yeye aliazima simu kwa majirani, akapima, akanunua ruta ya kawaida ya laini, akaipandisha dirishani. Siku za mnada wa ufuta kupitia mfumo wa TMX, bei inamfikia akiwa kibarazani kwake, hasubiri kusimuliwa na mchuuzi. Hakuna aliyempongeza mtandaoni, kwa sababu hakupiga picha.

Kuna na kundi jingine linahitaji kujibiwa: wale wa mjini wanaosema "Mitole kijijini kule, ruta ya nini?" Hao ni wabaya kuliko kaka wa masikio sita. Huyo angalau alikumbuka kwao. Fomu za mkopo, matokeo ya mitihani, bei za mazao, na mjukuu aliyeko Muscat anayetaka kumwona bibi usoni, vyote vinapita humohumo. Mtu wa kijijini ana sababu kubwa ya kuhitaji mtandao mzuri kuliko mtu wa mjini, kwa sababu wa mjini ukimkatikia anavuka barabara. Wa Mitole ukimkatikia analipa nauli.

Kwa hiyo Idi ijayo, anayetaka kumpelekea mzee ruta ampigie simu kwanza amuulize: laini gani inashika hapo kwenu saa mbili usiku? Akishajibiwa ndo aende dukani. Na kabla ya picha, afungue ukurasa wa HESLB kwenye simu ya mdogo wake. Ukifunguka, apige picha hata mia, pongezi zitakuwa halali yake. Usipofunguka, airudishe dukani angali na risiti.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani ana ruta chini ya kitambaa hapo kwao? Tiririkeni, majina wekeni kapuni.