Mpira Ulioisha Upepo



Wapendwa waamini, tangu tarehe 8 Mei 2025, Kardinali Robert Prevost alipochaguliwa kuwa Baba Mtakatifu na kutwaa jina la Leo wa XIV, jina la chuo kikuu kimoja cha Marekani limetajwa sana miongoni mwetu. Chuo hicho ni Villanova, cha Shirika la Mtakatifu Augustino, ambako Baba Mtakatifu alihitimu masomo ya hisabati mwaka 1977. Baadhi ya vijana wetu walikuwa wakilijua jina hilo kabla ya hapo, kwa sababu ya mpira wa kikapu. Villanova ni mwanachama wa umoja wa michezo wa vyuo vikuu uitwao Big East. Juma hili napenda tuutafakari umoja huo, kwa maana wapo wazazi parokiani wanaoniuliza kama ni vema kumwachia mtoto aende ng'ambo kwa ufadhili wa michezo.

Big East ilianza mwaka 1979 kwa juhudi za Dave Gavitt, aliyekuwa kocha katika chuo cha Providence cha Wadominikani. Kati ya vyuo saba vya mwanzo, vitano vilikuwa vya Kikatoliki. Villanova ilijiunga mwaka uliofuata. Mwaka 1985, timu tatu kati ya nne zilizofika nusu fainali ya taifa zilitoka katika umoja huo, na zote tatu zilikuwa za Kikatoliki: Georgetown ya Wajesuiti, St. John's ya Wavinsenti, na Villanova. Katika fainali Villanova iliishinda Georgetown kwa pointi 66 kwa 64.

Baadaye yakaja majaribu ya fedha. Kandanda ya Kimarekani, ambayo huchezwa kwa mikono kuliko kwa miguu, ndiyo inayovuta fedha nyingi zaidi za televisheni katika michezo ya vyuo. Wanachama wenye timu kubwa za mchezo huo wakaanza kuhama mmoja baada ya mwingine, na hata Boston College ya Wajesuiti, mmoja wa waanzilishi, iliondoka mwaka 2005. Mwishowe, mwaka 2013, vyuo saba vya Kikatoliki vilijitenga, vikabaki na jina la Big East, na kuujenga upya umoja ambao moyo wake ni mpira wa kikapu. Leo vyuo wanachama ni 11, na tisa kati yake ni vya Kikatoliki.

Tusiwapambe kupita kiasi. Nao walitia saini mkataba mnono wa televisheni. Hata hivyo, naona walitenda jambo la busara: walitambua wao ni nani, wakatafuta wenzi wanaofanana nao, badala ya kukimbilia mahali penye fedha nyingi zaidi.

Lakini umoja wa vyuo vya Kikatoliki hauwi wa Kikatoliki kwa sababu ya sanamu ya mtakatifu iliyo langoni. Kipimo chake ni kijana mwenyewe, na hali yake siku makelele ya uwanjani yatakapokoma. Hili alilifahamu John Thompson, kocha wa Georgetown tangu 1972 hadi 1999. Ofisini mwake aliweka mpira wa kikapu ulioisha upepo, ili kila mchezaji aingiaye akumbuke kwamba maisha hayawezi kutegemea hewa iliyomo ndani ya mpira. Kwake alifika mwaka 1987 kijana wa Kikongo, Dikembe Mutombo, aliyekuwa na nia ya kusomea udaktari. Udaktari hakuusomea, ila mwaka 1991 alihitimu katika isimu na diplomasia. Fedha alizozipata baadaye uwanjani zilisaidia kujenga hospitali mjini Kinshasa, yenye jina la mama yake. Alifariki mwaka 2024, na hospitali hiyo imebaki.

Sisi Watanzania tunaye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut katika Big East, na mwaka 2009 akateuliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Tangu hapo kila mzazi mwenye mtoto mrefu amekuwa na ndoto, wala si dhambi kuota.

Ila mambo yamebadilika. Tangu 2021 wanafunzi wanamichezo wa Marekani wanaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Mimi silaumu malipo, kwani mtenda kazi anastahili ujira wake. Ninachokihofia ni kwamba mchezaji sasa anaweza kuhama chuo mwaka hata mwaka akifuata dau kubwa zaidi. Kijana anayepita vyuo vinne katika miaka minne atalelewa na nani? Hapa ndipo vyuo vyetu vya Kikatoliki vitakapopimwa: je, vitathubutu kumkataa mchezaji hodari asiyetaka kusoma, na kumtunza yule aliyeumia goti na asiyeleta tena ushindi?

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, wakala akija nyumbani na picha za viwanja vikubwa, msianze kuuliza kuhusu viwanja. Mwulizeni mtoto atasoma nini, na wangapi kati ya waliomtangulia wamehitimu. Ulizeni ufadhili utaendelea vipi akiumia au kocha akibadilishwa, na hayo yote yaandikwe. Kumbukeni pia kwamba mwenye viza ya masomo hubanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kazi, hivyo fedha mnazozisikia redioni si lazima zimfikie. Na wakala akidai malipo kabla ya barua ya chuo kufika, mwonyesheni mlango.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waliozoea michezo, aliwakumbusha kuwa wakimbiaji hujinyima mengi kwa ajili ya taji linalonyauka. Naye Baba Mtakatifu, katika Jubilei ya Wanamichezo mwezi Juni 2025, alisema kwamba michezo hutufundisha pia kushindwa. Chuo kitakachomfundisha mtoto wako mambo hayo mawili, pamoja na fani yake, mpeleke, hata kama jina lake halijulikani mtaani.

Wenye barua za vyuo mikononi wafike ofisini Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi, tuzisome pamoja. Mama Bikira Maria awaombee vijana wetu wote.