Nesi anayeulizwa kuhusu figo naye afundishwe

Leo tuache habari za mbu na maji ya kunywa, tuingie wodini.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini Novemba 2017, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao wa India. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya hapo mgonjwa alisafirishwa kwenda India, na asiye na uwezo alibaki na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Alhamdulillah, mlango umefunguka. Lakini figo haiuzwi dukani. Hutolewa na ndugu aliye hai, na ndugu huyo ana maswali.

Humuuliza nani? Si daktari bingwa anayepita asubuhi na msururu wa wanafunzi nyuma yake. Humuuliza nesi, usiku, kwa sauti ya chini: "Sista, nikimpa kaka figo, nitaweza kazi ya kubeba mizigo? Nitazaa? Na siku ya Kiyama nitafufuliwa na upungufu?" Nesi asiyefundishwa atakisia, au atasema kamuulize daktari. Yule ndugu atarudi nyumbani, na huko yupo mjomba aliyekwisha kutoa fatwa yake barazani.

Kwa maoni yangu, mafunzo haya yasiishie kwa wauguzi wachache wa kitengo cha figo. Yawafikie wa wodi za kawaida na wa kliniki za kisukari na presha, maana huko ndiko figo nyingi zinakoanza kuharibika. Nesi ajue kwamba mtu mwenye afya huweza kuishi na figo moja, nayo huongeza kazi kufidia iliyotoka. Ajue kuwa mwenye kisukari au presha isiyotulia hatakiwi kutoa, na kwamba aliyetoa hupimwa mara kwa mara maisha yake yote. Wanawake waliotoa figo wamezaa, ila mimba zao huangaliwa kwa karibu kwa sababu ya presha. Aliyepokea naye hunywa dawa kila siku ili mwili usiikatae figo. Akijiona mzima akaziacha, ataipoteza. Dawa hizo hupunguza kinga, kwa hiyo anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni, na mwenye mafua asimsogelee.

Kuhusu sheria, nesi si mufti, wala tusimtwike mzigo huo. Inatosha ajue kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC iliamua mwaka 1988, mjini Jiddah, kuwa kupandikiza kiungo kunajuzu kwa masharti: mtoaji aridhie, asidhurike kiasi cha kuharibu maisha yake, na kiungo kisiuzwe. Wapo wanazuoni wenye rai tofauti. Familia yenye wasiwasi iambiwe mapema imuone sheikh wanayemuamini, si asubuhi ya upasuaji.

Hilo la kuridhia ndilo linalonitia hofu zaidi. Katika familia zetu mke anaweza kunyamaza mbele ya mashemeji, watu wakasema amekubali. Mdogo anayesomeshwa na kaka yake atakataaje? Nesi afundishwe kuwatoa nje ndugu wote, hata mume, akae na mtoaji peke yake na kumuuliza: unataka, au umetakiwa? Akisema hataki, siri hiyo ibaki hapo. Familia iambiwe tu kwamba hataendelea na utoaji, bila sababu kutajwa. Hakuna uongo hapo, na hakuna ndoa itakayovunjika kwa ajili ya figo. Jambo hili halihitaji mashine wala wafadhili. Linahitaji chumba chenye mlango unaofungwa na nesi aliyefundishwa kusikiliza.

Masheikh nao wasisubiri kuitwa. Waombe hospitali iwakaribishe siku moja kwenye chumba cha kusafisha damu, wakae na mgonjwa zile saa nne, na wauguzi wapate kuwauliza ya kwao: udhu wa mwenye mpira shingoni, na funga ya aliyepandikizwa. Hata hayo nesi huulizwa kila Ramadhani.