Bakshishi si ujira

Kila siku alfajiri, katika vituo vya daladala vya Unguja, huonekana wanawake waliobeba mifuko ambayo ndani yake mna kanga ya kazi, tambara la kupigia deki na kipande cha sabuni. Hawana ofisi wala tajiri mmoja. Leo watasafisha nyumba ya mfanyabiashara Mbweni, kesho nyumba ya kukodisha wageni Paje au Nungwi, na kesho kutwa pengine watakaa kwao wakingojea kuitwa. Wamejiajiri wenyewe. Kwa kazi yao mgeni hulala juu ya shuka safi, na mwenye nyumba hupokea kodi yake bila ya malalamiko.

Juu ya watu hawa kuna swali ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa ni dogo. Je, baada ya kulipwa bei iliyokubaliwa, wapewe na bakshishi? Sisi tunaona kwamba swali hili si dogo hata kidogo, kwani jawabu lake ndilo linaloamua kama mtu anaishi kwa haki yake au kwa hisani ya watu.

Neno lenyewe si geni kwetu. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kitu kilichotolewa kwa ukarimu. Wala desturi yenyewe si ngeni. Wazee wetu walikijua kilemba, zawadi aliyopewa fundi pale mwanafunzi wake alipohitimu. Lakini wazee hao hao walijua kutenganisha mambo mawili. Ujira ni deni, na deni hudaiwa; zawadi ni hiari, na hiari haidaiwi. Tangu madrasa tunafunzwa kwamba mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hakuna aliyefunzwa kumwambia mfanya kazi angojee mgeni mwenye moyo mwema.

Hapa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha nje masuria, na ikabidi kungojewa amri nyingine ya mwaka 1909. Waliocheleweshwa ni watu wa ndani ya nyumba. Katika zama hizo hizo za ukoloni mtu mzima mwenye wake na watoto aliitwa "boi" kwa sababu tu alipika na kufagia. Chini ya yote hayo palikuwa na fikra moja, kwamba anayefanya kazi ya nyumbani hana analolidai ila fadhila ya mkubwa wake. Fikra hiyo haifai kurudi kwa mlango wa uani ikiwa imevaa kanzu ya ukarimu.

Nayo yaweza kurudi. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, na si wote wanaolala mahotelini. Wako wanaopanga nyumba za watu kwa siku au kwa wiki. Katika nyumba hizo aghlabu mwenye mali hayupo, na mambo yote yako mikononi mwa msimamizi au dalali. Msafishaji akitaja bei yake huambiwa: "Hiyo ni kubwa, dada. Punguza kidogo, wageni hawa hutoa bakshishi nzuri." Kwa maneno hayo machache, mzigo wa kumlipa mfanya kazi umehamishwa kutoka kwa anayepata faida na kutwikwa mpita njia.

Tuchukue mfano. Tuseme bei ya haki ya kusafisha nyumba moja ni Sh 15,000, nauli ya kwenda na kurudi ni Sh 2,000, na sabuni na dawa za kusafishia ni Sh 3,000. Humbakia mama huyu Sh 10,000. Sasa bei ikishushwa hadi Sh 10,000 kwa ahadi ya bakshishi, nauli na sabuni hazishuki pamoja nayo. Atabakiwa na Sh 5,000. Bei imepungua kwa theluthi moja tu, lakini pato lake limekatika nusu, na nusu hiyo iliyopotea imo mfukoni mwa mgeni asiyejua kwamba inamngojea yeye.

Mgeni huyo ni nani? Akitoka Japani, kwao kutoa bakshishi si desturi, na ataondoka bila kuacha kitu wala kudhani amekosa adabu. Akitoka Marekani, amekulia katika nchi ambayo sheria ya serikali kuu, tangu mwaka 1991, inamruhusu tajiri kumlipa mfanya kazi apokeaye bakshishi dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi ikijumlishwa ifikie kima cha chini, ambacho tangu mwaka 2009 ni dola 7.25. Huko bakshishi imekula ujira hadi ikawa sehemu ya ujira. Mwengine huacha mezani sarafu za kwao, ambazo maduka ya kubadilishia fedha hayazipokei. Nyumba ni ile ile na jasho ni lile lile, lakini chakula cha watoto kinategemea pasipoti ya mgeni. Na hata aliyeacha bahasha kwa nia njema hajui ni nani atakayetangulia kuingia chumbani. Mara nyingi anayetangulia ni yule mwenye funguo, wala si yule mwenye ndoo.

Sheria nazo zinampita mama huyu pembeni. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, imesimama juu ya mkataba baina ya mwajiri na mwajiriwa. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, nao unawahusu walio katika uhusiano wa ajira. Aliyejiajiri yuko nje ya ua. Hata hivyo, shirika hilo hilo lilikwisha kutoa mwongozo mzuri katika Mkataba Namba 172 wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na mikahawa. Unasema kwamba bakshishi ni fedha anayoitoa mteja kwa hiari yake juu ya kile anachopaswa kulipa, na kwamba, iwepo bakshishi au isiwepo, mfanya kazi sharti apate malipo ya msingi kwa vipindi vinavyojulikana. Kanuni iliyowekewa hoteli ina sababu gani ya kukoma kwenye lango la nyumba ya kupangisha?

Kwa hiyo adabu ya bakshishi inaanza kabla ya bakshishi. Kwanza, bei ipatanwe kabla fagio halijashikwa, na neno "bakshishi" lisitajwe katika mapatano hayo. Pili, bei ilipwe yote, siku ile ile. Anayetoa zawadi Idi ilhali anadaiwa ujira wa Rajabu hajatoa kitu. Tatu, nguo kuukuu na mabaki ya karamu visihesabiwe kuwa malipo. Mwenye kuvitoa avitoe kama jirani. Nne, mwenye kutaka kutoa bakshishi aitoe kwa shilingi, mkononi mwa aliyefanya kazi, wala si kwa wakala wake.

Je, asiyetoa amekosa? La. Aliyejiajiri ndiye anayetaja bei yake, na aliyemlipa bei hiyo kamili ametimiza wajibu wake. Asionewe wala asisengenywe. Lakini zipo siku ambazo moyo wa mtu unapaswa kumsemesha: nyumba iliyoachwa na tope baada ya masika, nyumba iliyofanyiwa harusi, usafi wa kuikaribisha Ramadhani, au kazi iliyozidi kile kilichopatanwa. Hapo kutoa ni uungwana, na kupokea hakuna aibu yoyote.

Wasafishaji nao tunawakumbusha kwamba bei yao si ya deki peke yake. Ndani yake mna nauli, sabuni, siku ya homa na siku ya uzee, kwa kuwa hakuna mwengine atakayeyalipia hayo. Mtu asiyeingiza siku ya homa katika bei yake atalazimika kuiombea bakshishi.

Kwa viongozi na watendaji tuna maneno mawili. La kwanza, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, unao mpango wa uchangiaji wa hiari kwa waliojiajiri. Mpango huo upelekwe kwenye shehia na ufafanuliwe kwa lugha nyepesi, uwafikie wanawake hawa ambao hawana nafasi ya kuacha kazi ya siku moja ili kwenda ofisini kuulizia. Serikali iliyoanzisha pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 mwaka 2016 haishindwi na hili. La pili, kila anayepewa leseni ya kupangisha nyumba kwa wageni atakiwe kuonesha kwamba msafishaji analipwa bei inayojulikana, mbali na bakshishi.

Na hapo tusisahau kujitazama wenyewe. Mtumishi wa umma mwenye mshahara akidai "chai" kabla ya kutia saini, hiyo si bakshishi, ni rushwa. Bakshishi huja baada ya kazi, haina sharti, na hutolewa kwa mtu aliyekwisha kulipwa. Ofisi ikivichanganya viwili hivyo, haitakuwa na uso wa kumfundisha mwenye nyumba adabu.

Jioni mama yule hurudi kituoni na mfuko wake. Bakshishi ikiwamo, na iwe ya peremende za watoto. Unga na mafuta vitoke katika ujira wake.