Xeon Peke Yake Hailindi Hesabu Zako

Mwezi uliopita mhasibu mmoja wa hapa Dar es Salaam aliniletea laptopu ya kazi ya mtumba, aliyoinunua Kariakoo. Muuzaji alimwambia, "Dada, hii ni Xeon, prosesa ya seva. Haikosei hesabu." Nikafungua mfuniko wa chini, nikachomoa RAM, nikahesabu chipu za pande zote mbili. Zilikuwa 16. Nilitaka kuona 18.

Maneno aliyouziwa nayo nayasikia kila wiki, na yanawala watu pesa. Nayajibu hapa moja baada ya jingine.

Wanasema Xeon ina kasi kuliko Core, prosesa ya kompyuta za kawaida. Chukua Xeon E3-1505M v5 ya mwaka 2015, ambayo ni miongoni mwa Xeon za kwanza kutengenezwa kwa ajili ya laptopu, uiweke kando ya Core i7-6820HQ ya kizazi hichohicho. Zote zina kore 4, nyuzi 8 na kache ya megabaiti 8. Moja inaanzia gigahezi 2.8 na kufika 3.7, nyingine inaanzia 2.7 na kufika 3.6. Anayekuongezea bei kwa sababu ya kasi anakuuzia gigahezi 0.1.

Wanasema pia kwamba Xeon inasahihisha makosa yenyewe. Hapa ndipo mhasibu wangu alipoumia, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kinachosahihisha makosa ni mfumo wa ECC, nao unahitaji vitu vitatu vikubaliane: prosesa, ubao mama na RAM yenyewe. RAM ya kawaida husafirisha biti 64 kwa mkupuo. Ya ECC huongeza biti 8 za ukaguzi, zikawa 72, ndiyo maana ina chipu ya tisa kwa kila nane. Biti moja ikigeuka, mfumo unairudisha ilivyokuwa. Zikigeuka mbili, unatoa taarifa. Ukiiwekea Xeon RAM ya kawaida, mashine nyingi zitawaka na kufanya kazi vizuri tu, bila ulinzi huo na bila kukuambia chochote. Kwa hiyo mteja hulipia Xeon, akaondoka na ulinzi uleule wa laptopu ya mwanafunzi.

"Lakini RAM hukosea lini?" wateja huniuliza hivyo. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wa Google walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwenye seva za Google: zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilipata kosa angalau moja kwa mwaka. Mashine zile zilifanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo sidai kwamba laptopu yako itakuwa vivyo hivyo. Ila tazama kosa moja linachoweza kufanya. Tuseme mwanachama wa chama cha akiba ameweka shilingi 50,000. Katika namba hiyo, biti yenye thamani ya 1,048,576 ni sifuri. Igeuke iwe moja, na salio linasomeka 1,098,576. Kompyuta haizimi wala haitoi onyo. Namba hiyo inahifadhiwa, usiku inanakiliwa kwenye nakala ya akiba, na asubuhi kosa liko sehemu mbili.

Kuhusu dai la kwamba RAM yoyote ya seva inafaa kwenye seva yoyote, jibu ni fupi: haifai. Seva kubwa hutumia RAM za rejista (registered). Seva ndogo za Xeon E3 na Xeon E zinataka ECC isiyo na rejista. Kwenye DDR4 ile ya rejista itaingia kwenye nafasi yake bila shida, na mashine haitawaka. Soma lebo: baada ya namba ya kasi, R ni ya rejista na E ndiyo unayoitafuta. Kumbuka pia ukomo wa RAM: E3-1200 v3 inaishia GB 32, v5 inaishia GB 64.

Na wanaosema prosesa za AMD si za seva wamepitwa na wakati. Mei 2024 AMD ilitoa EPYC 4004 kwa ajili ya seva ndogo hizihizi, yenye kore hadi 16, wakati Xeon E-2400 iliyotoka Desemba 2023 inaishia kore 8.

Simwambii kila mtu anunue ECC. Maabara ya kompyuta ya shule, au mashine ya kuchapishia na kugawana mafaili, itaendeshwa vizuri na Core ya kawaida, na pesa inayobaki bora inunue UPS, maana umeme ukikatika ghafla ECC haiokoi kitu. Lakini anayetunza fedha au majibu ya vipimo vya watu wengine hana ruhusa ya kubahatisha.

Basi kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji awashe mashine mbele yako kwa Linux, hata kwa flashi, na aandike amri ya sudo dmidecode -t memory. Tazama mstari wa Total Width. Ukisoma 64, usilipie ECC.